Joto la Oili: Kinachoua Injini Wakati Sindano ya Maji Imetulia

Sindano ya joto kwenye dashibodi inapima maji ya rejeta. Oili haiipimi. Lori linaweza kupanda mlima Kitonga limejaa mzigo, sindano ikatulia palepale katikati, huku oili kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) imeshavuka nyuzi 120 na bado inapanda. Maji yana thamostati (vali inayofunguka kwa joto) na feni ya kuyadhibiti. Oili kwenye injini nyingi za dizeli ina kipoozeo kidogo ubavuni mwa bloku, na upepo unaopita chini ya sampu, basi. Asubuhi huchelewa kupata moto kuliko maji, na ikishachemka huchelewa kupoa.

Sisi tunaofungua injini za malori, daladala na pikipiki tunakutana na jambo hilohilo kila sampu inaposhuka: joto ndilo linalokula umri wa oili, kilomita zinafuata nyuma. Magari mawili yanaweza kumwaga oili kwenye kilomita zilezile, moja likakuta injini safi, jingine likakuta lami.

Tuanze na unene wenyewe. Chukua 15W-40, ile inayouzwa kila kona kwa ajili ya dizeli. Mnato wa oili hupimwa kwa senstoksi. Kwenye nyuzi joto 20, oili ya namna hiyo huwa na senstoksi kama 310. Kwenye nyuzi 40 imeshuka hadi 108 hivi, na kwenye nyuzi 100 imebaki 14 na nusu. Hapo kwenye nyuzi 100 ndipo namba ya pili ya kopo, hiyo 40, inapopimwa. Kwa viwango vya SAE (chama cha wahandisi wa magari), namba 40 inatakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3, namba 30 kati ya 9.3 na 12.5, na namba 20 kati ya 6.9 na 9.3.

Sasa ipandishe hiyo 15W-40 hadi nyuzi 120. Mnato unashuka hadi karibu 9.4. Kwenye nyuzi 130 unafika 7.8 hivi. Kwa hiyo tajiri, mwenye gari, amelipia namba 40, lakini injini ikichemshwa mlimani beringi zinapata unene ambao namba 20 ingezipa kwenye joto la kawaida. Namba kwenye kopo haijabadilika, na hakuna taa iliyowaka.

Uwazi kati ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake kwenye injini ndogo nyingi ni milimita 0.02 hadi 0.06. Humo krankshafti inaelea juu ya utando wa oili, chuma hakigusi chuma. Pampu kazi yake ni kuleta oili tu. Kinachoinyanyua shafti ni mzunguko wake yenyewe unaoivuta oili na kuibana, na oili haibaniki vizuri kama imekuwa nyepesi mno. Fungua koni beringi (ile ya mkono wa pistoni) ya injini iliyofanya kazi hivyo muda mrefu uiangalie juani. Ganda la juu ndilo limeumia zaidi, kwa sababu ndilo linalopokea kishindo cha mwako. Ile rangi ya kijivu iliyofifia imeondoka katikati, na chini yake shaba imejitokeza. Ukishaona shaba, usiirudishe beringi hiyo hata kama ukipitisha kucha haikwami. Kwenye mein beringi, zile zinazoshika krankshafti kwenye bloku, hali ni kinyume: ganda la chini ndilo hutangulia kuisha.

Madhara ya pili ya joto hayaonekani siku hiyohiyo, na kwa maoni yangu ndiyo mabaya zaidi. Oili moto ikikutana na hewa inaungana na oksijeni na kuharibika. Kuna kanuni ya makadirio inayojulikana kwa watu wa vilainishi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo wa uharibifu huo unakuwa mara mbili. Kutoka nyuzi 100 hadi 130 ni mara nane. Oili mpya ina dawa za kuzuia hali hiyo, na dawa hizo ndizo zinazotangulia kuliwa. Zikiwepo, oili inaonekana haina tatizo lolote. Zikiisha, inaharibika kwa kasi: asidi inaongezeka, vyuma vinavaa ngozi ya kahawia inayong'aa kama vanishi, kisha tope jeusi linaanza kuganda kwenye kifuniko cha vali na kwenye chujio la pampu. Ndiyo maana "niongeze kilomita elfu mbili tu" si jambo dogo kwa gari linalobeba mzigo milimani. Hizo elfu mbili za mwisho zinaweza kuharibu kuliko elfu nane zilizotangulia.

Watu wengi hudanganyika hapa. Oili iliyoungua haiwi nyepesi, inakuwa nzito. Fundi anayechovya kijiti, akasugua oili kwenye vidole na kusema "bado nzito, inafaa", huenda ameshika oili iliyokwisha kabisa. Ukiikuta nyepesi kama maji, sababu ya kwanza ya kutafuta ni dizeli au petroli iliyochanganyika nayo, na pua itakwambia. Weusi nao si kipimo kwa dizeli: oili nzuri ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi yasigande kwenye chuma. Hiyo ni kazi yake.

Mahali ambapo oili hukutana na moto mkali ni kwenye mifereji ya ringi za pistoni, ambako joto hupita nyuzi 200. Oili dhaifu huungua hapo na kuacha makaa. Ringi ya oili inashika kwenye mfereji wake, vitundu vya kurudishia oili vinaziba, na injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Dereva asipoongeza, oili iliyobaki ni kidogo, inazunguka mara nyingi zaidi bila kupumzika kwenye sampu, inachemka zaidi, inaungua zaidi. Dawa za kumimina zinazouzwa barabarani hazifungui mfereji ulioganda kikamilifu. Pistoni zitoke, mifereji isafishwe kwa kipande cha ringi kuukuu bila kuikwangua kingo, na kila kitundu kizibuliwe. Ukibadilisha ringi ukaacha vitundu vimeziba, umeshughulika bure.

Sasa barabarani. Kabla ya mlima mrefu, iwe Kitonga, Sekenke au Lukumburu, angalia kiwango cha oili na uso wa rejeta. Gari lisimame sehemu tambarare, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke, ndipo uchomoe kijiti. Oili huvimba ikipata moto: lita 5 zikitoka nyuzi 20 kwenda 100 huongezeka karibu lita 0.28, kwa hiyo usishangae kipimo cha baridi kikiwa chini kidogo kuliko cha moto. Ijae hadi alama ya F, isiizidi. Wako wanaoongeza lita nzima juu ya alama "kwa ajili ya safari". Krankshafti inaipiga oili hiyo, inatoka povu, na pampu inavuta hewa pamoja na oili. Povu halibebi uzito na halipoozi kitu.

Rejeta nayo ioshwe kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na presha kubwa, ili vumbi na wadudu watoke walikoingilia. Feni yenye kapulingi ya majimaji ijaribiwe injini ikiwa moto: izime, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka kirahisi bila ukinzani, imechoka.

Ukianza kupanda, shusha gea mapema. Dereva anayeng'ang'ania gea kubwa huku injini inanguruma chini chini anadhani anaiokoa. Anafanya kinyume. Mzunguko ni mdogo, hivyo pampu ya oili, pampu ya maji na feni vyote vinakwenda polepole, wakati pistoni zinasukumwa kwa nguvu zote za mwako. Utando wa beringi hapo ndipo unapokuwa mwembamba kuliko wakati wowote. Ukiweza, funga geji ya joto la oili. Kihisio chake huwekwa mahali pa nati ya kumwagia oili au kwenye bamba linalokaa chini ya filta. Kati ya nyuzi 90 na 110 endelea na kazi. Ikifika 120, punguza mwendo na gea. Ikivuka 130, tafuta sehemu salama usimame, na injini uiache ikizunguka polepole.

Usiizime, kwa sababu ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwenye injini. Ukifika juu ya Kitonga, Ilula iko karibu, na wengi husimama kununua nyanya au kula. Gari limetoka kupanda kwa nguvu zote, nyumba ya turbo upande wa ekzosi inakaribia kuwa nyekundu, na shafti yake ilikuwa inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Dereva anazima swichi, anaruka chini. Pampu ya oili imesimama papo hapo. Joto la upande wa ekzosi halina pa kwenda isipokuwa kutembea kwenye shafti hadi kwenye beringi, na dakika chache baada ya kuzima beringi zinakuwa na moto kuliko zilivyokuwa mlimani. Matone ya oili yaliyobaki humo yanapikwa hadi kuwa makaa.

Mara moja haiui turbo. Ni makaa juu ya makaa. Fungua bomba la kuleta oili kwenye turbo iliyokufa, ulikate kwa msumeno: ndani utakuta ganda jeusi gumu, na njia iliyokuwa inapitisha kidole kidogo cha mtoto imebaki tundu la sindano. Boliti yenye vitundu inayofunga bomba hilo nayo imeziba nusu. Turbo mpya ikifungwa kwenye bomba hilohilo itakufa haraka kuliko ya kwanza, na tajiri atasema ameuziwa turbo feki.

Kwa hiyo, baada ya mlima au mwendo mrefu wa kasi, acha injini kwenye sailensa (izunguke polepole bila kukanyaga mafuta) dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima. Kama umeingia foleni ya mizani kwa mwendo wa pole, dakika hizo umeshazipata. Na unapobadilisha turbo, fuata hatua hizi bila kuruka: badilisha bomba la kuleta oili na boliti yake, hakikisha bomba la kurudisha oili halijapinda wala kuziba, weka oili na filta mpya, mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole, kisha kata mafuta ya dizeli na upige starta sekunde 15 hivi hadi oili ifike. Injini ikishawaka, usikanyage mafuta dakika mbili za kwanza.

Baridi nayo ina lawama zake. Nyanda za juu, Njombe au Makete, asubuhi ya Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na 15W-40 hapo ina mnato unaokaribia senstoksi 900. Oili inachelewa kufika kwenye kamshafti na turbo. Washa, subiri taa ya oili izime, ondoka taratibu bila kupiga resi. Injini hupata moto vizuri zaidi ikitembea kwa upole kuliko ikinguruma imesimama nusu saa.

Kibaya zaidi ni ile tabia ya kutoa thamostati. Gari likichemsha kidogo tu, fundi anaitupa na kusema injini za huku hazihitaji. Thamostati nyingi za magari ya Kijapani hufunguka karibu na nyuzi 82. Ikiondolewa, maji yanazunguka baridi, oili inabaki nyuzi 60 au 70, na mvuke unaoingia kwenye sampu kila injini inapofanya kazi haupati joto la kutosha kuondoka. Petroli isiyoungua nayo inabaki. Fungua kifuniko cha kujazia oili utakuta utelezi mweupe kama maziwa ya mgando, na mwenye gari anaambiwa gasketi ya silinda hedi imekufa, kumbe haina tatizo. Isitoshe, kwenye injini nyingi thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, sehemu ya maji hairudi kwenye rejeta, na mlimani gari linachemka kuliko mwanzo. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, pasha moto, angalia inapoanza kufunguka. Kwenye nyuzi 95 vali iwe imenyanyuka milimita 8 hadi 10. Ikipungua, nunua nyingine.

Kuna imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, kwa hiyo hata gari dogo lililotengenezewa 0W-20 au 5W-30 linajazwa 20W-50. Tulifikirie. Dar es Salaam mchana ni nyuzi 32 au 33. Maji ya injini yako, iwe Dar au Tokyo, yanashikiliwa na thamostati ileile, na kwa mwendo wa kawaida oili inayafuata. Tofauti ya joto la hewa inaifikia oili kwa kiasi kidogo sana. Injini yenye uwazi mdogo, na vali zinazopangwa kwa presha ya oili, ikipewa 20W-50 inachelewa kulainishwa kila asubuhi, na haijapata ulinzi wowote wa ziada unaolingana na hasara hiyo. Fuata kitabu cha gari. Kama kitabu kinaruhusu hatua moja juu kwa mizigo na joto, mfano 5W-30 badala ya 0W-20, hapo chagua bila wasiwasi. Injini kuukuu iliyolegea ni suala jingine, na kwa hiyo pima kwanza.

Kupima ni hivi. Taa ya oili ikimulika kwenye sailensa baada ya safari na kuzima ukikanyaga mafuta, usikimbilie oili nzito. Toa swichi ya presha, funga geji ya mkono kwenye tundu lake, pasha injini hadi joto la kazi. Vitabu vingi vya Toyota vinaweka 0.3 kgf/cm² kuwa kiwango cha chini kabisa kwenye sailensa. Kwa mizunguko 3,000 soma kitabu cha injini yako. Presha ikiwa nzuri, swichi ndiyo mbovu. Ikiwa ya chini na oili ni mpya ya namba sahihi, angalia chujio la sampu, kisha pampu, kisha beringi. Oili nzito itazima taa, lakini beringi zilizolegea zitabaki zimelegea.

Bodaboda wana hali ngumu kuliko wote. Silinda inapoozwa na upepo, na oili yenyewe ni lita moja hivi, nayo hiyohiyo inalainisha injini, klachi na gea. Kwenye foleni, abiria wawili nyuma, upepo hakuna. Meno ya gea nayo yanakatakata polima zinazoipa oili unene wake, hivyo 20W-50 inakonda mapema kwa njia mbili kwa pamoja. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi. Amwage hapohapo, na kijiti akikague kila anapojaza mafuta, kwani kupungua kwa mililita 300 ni karibu theluthi ya oili yote. Mapezi ya silinda yasafishwe matope. Oili iwe na alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha oili za pikipiki). Ile ya magari yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza inaongeza joto kwenye oili ileile.

Mwisho ni vipimo viwili vya gereji visivyo na gharama. Cha kwanza, dondosha tone la oili kutoka kwenye kijiti injini ikiwa moto, juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, liache saa kadhaa. Likisambaa kijivu sawasawa hadi pembeni, oili bado inabeba masizi. Likiacha doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, kazi hiyo imeishinda. Ukingo wa kahawia ni dalili ya oili iliyoungua, na duara linaloelea nje kabisa kama grisi kwenye karatasi ya chipsi ni dizeli.

Cha pili, tone juu ya bati lililopata moto wa nyuzi 150 hivi. Likitulia na kutoa moshi kidogo, sawa. Likichachatika na kurusha vipovu, kuna maji. Hapo, kwenye dizeli zenye kipoozeo cha oili, fungua kipoozeo kwanza kabla hujagusa silinda hedi. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili huzidi ya maji, kwa hiyo oili huingia kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inakwisha lakini maji bado yana presha yake, yanarudi kwenye oili. Ukikuta oili kwenye chupa ya maji na maji kwenye sampu kwa wakati mmoja, ziba tundu moja la kipoozeo, puliza hewa kwa jingine, kitumbukize kwenye ndoo ya maji moto na uangalie viputo vinatokea wapi. Maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka chuma kikivimba tu.